Viroboto wa maji walio hai: mbegu nzuri, maelekezo mabovu

Mwenye haraka aondoke na hukumu yangu hapa hapa: mfuko wa viroboto wa maji (dafnia) walio hai ni wa kununua mara moja tu. Ukijikuta unarudi kununua wa pili na wa tatu, ama umeuziwa mbegu mbovu ama chombo chako kina kasoro, na mara nyingi ni hilo la pili. Lebo inasema "chakula hai cha samaki". Mimi nimeupima mfuko huu kama mbegu, kwa sababu ukiumimina wote tangini siku ile ile, samaki wataumaliza kabla hujarudisha mfuniko, na hapo utakuwa umenunua kionjo.

Nafuga samaki aina ya gapi, beta na tetra, na nimeshawalisha dafnia wa kila namna anayouzwa: hai, wa kugandishwa na wa kukausha. Wote nitawagusa, ila hao hai ndio wenye maneno.

Mfuko ulifika una maji theluthi moja na hewa theluthi mbili. Hilo ni jema. Dafnia wanapumua oksijeni iliyomo majini, na maji yaliyofungiwa huipata kutoka kwenye hewa iliyo juu yake tu. Muuzaji anayejaza maji hadi shingoni ili mfuko uonekane mnono anaua mzigo wake mwenyewe njiani. Lebo ilitaja pia aina yenyewe: Daphnia magna, ile kubwa, ambayo jike lililokomaa hufika hata milimita 5. Wauzaji wengi huandika "dafnia" wakaishia hapo, na mnunuzi anabaki kubahatisha kama amepewa magna, au Daphnia pulex wa milimita 1 hadi 3, au Moina ambaye ni mdogo kuliko wote na si wa jenasi hiyo kabisa. Tofauti hiyo si ya kitaalamu tu. Ndiyo itakayoamua ni samaki gani ataweza kummeza.

Kabla hujawamwaga popote, chota wachache kwenye bilauri nyembamba, inua mbele ya taa, chukua kioo cha kukuza. Hapo ndipo utajua umeuziwa nini. Dafnia ni wa jamii ya kaa na kamba, ila gamba lake linapitisha mwanga, unamwona hadi ndani. Utumbo ni mstari uliopinda kutoka kichwani kwenda nyuma: ukiwa wa kijani, amekula mwani, ukiwa mtupu, amesafiri na njaa. Jicho ni moja tu, jeusi, na halitulii, linatikisika muda wote. Nyuma ya kichwa, upande wa mgongo, kuna moyo unaopiga kwa kasi ya kutisha, karibu mapigo 180 kwa dakika akiwa kwenye hali ya kawaida. Chini yake, bado mgongoni, ndipo kilipo chumba cha mayai. Mfuko mzuri una majike wengi waliojaza chumba hicho. Ukikuta wote ni wembamba na wamepauka, dai haki yako mapema.

Uangavu huo, kwa njia, ndio uliompa mwanasayansi Ilya Mechnikov nafasi ya kutazama ndani ya dafnia aliyeambukizwa kuvu jamii ya hamira, akaona seli za mwili wake zikizivamia mbegu za kuvu na kuzimeza. Aliyaandika hayo mwaka 1884, na mwaka 1908 akashiriki Tuzo ya Nobel na Paul Ehrlich kwa kazi ya kinga ya mwili. Mimi nautumia uangavu huo huo kujua kama nimewapa chakula cha kutosha. Kila mtu na kiwango chake.

Wangu walifika na wekundu wa waridi. Si ugonjwa, wala si aina maalumu. Oksijeni ikipungua, dafnia hutengeneza zaidi hemoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni, ili anase kidogo kilichopo, na kwa kuwa mwili ni angavu, rangi inaonekana nje. Wakikaa kwenye maji yenye hewa nzuri wekundu hufifia. Kwa hiyo muuzaji akikusifia "wekundu hawa ni daraja la kwanza", muulize kwanza walikuwa wanaishi kwenye pipa la namna gani.

Kilichonifanya nikunje uso ni kingine: majike kadhaa walibeba mgongoni kitu cheusi chenye umbo la tandiko. Hapa inabidi nieleze kidogo, maana karatasi ya maelekezo haikugusia hata neno moja, na bila kulijua hili huwezi kuwafuga.

Mambo yakiwa mazuri, dafnia karibu wote ni majike, na hawahitaji dume. Mayai yaliyomo mgongoni hukua yenyewe, na mabinti wanaotoka ni nakala za mama. Kwenye maji ya nyuzi 20 hivi mayai huchukua kama siku tatu kuwa vichanga. Mama anawaachia, anajivua gamba, anaingiza kundi jingine la mayai chumbani, na safari inaanza upya. Jike la magna lililoshiba linaweza kutoa makumi ya vichanga kwa mkupuo mmoja. Binti naye, akilishwa vizuri, anaanza kuzaa kabla hajatimiza wiki mbili. Ndiyo sababu ya kununua mara moja.

Sasa wakisongamana, au chakula kikipungua, au mwanga wa mchana ukifupika, mambo yanageuka. Mama yule yule aliyekuwa akizaa mabinti anaanza kuzaa na madume. Kisha majike hutoa mayai ya aina nyingine, kwa kawaida mawili, ambayo lazima yarutubishwe, na hufungwa ndani ya ganda gumu jeusi: lile tandiko. Jike akijivua, tandiko linadondoka. Linavumilia ukame, linavumilia barafu, na watafiti wamewahi kuangua dafnia kutoka kwenye mayai yaliyolala miongo mingi ndani ya tope la ziwa. Kwa hiyo matandiko mengi ndani ya mfuko ni ushahidi kwamba pipa la muuzaji lilisongamana au lilikuwa na njaa. Namkata alama kwa hilo. Lakini sikuyatupa. Niliyakusanya pamoja na uchafu wa chini, nikayakausha kivulini na kuyaweka kwenye bahasha. Siku chombo kikifa chote, mbegu ipo.

Abiria wasioalikwa walikuwepo pia. Vijidudu vya jamii ya kaa vyenye magamba mawili yanayofumba, vinavyotambaa sakafuni, hivyo havinisumbui. Vinashindania chakula lakini samaki wanavila. Siklopsi, wadogo wengine wa jamii hiyo, nao si neno, japo wale walionaswa kwenye maji ya nje wanaweza kubeba minyoo ya samaki. Hidra, mnyama mdogo laini wa majini, ndiye tatizo. Anajishikiza ukutani, ananyoosha mikono yenye sumu na kula dafnia mmoja mmoja, na akihamia kwenye tangi la vifaranga wa samaki atakula na vifaranga. Nilimwona mmoja kwenye bilauri, nikamnyonya kwa sirinji. Nilipomwandikia muuzaji, alijibu kwamba hao ni "viumbe vya asili vinavyoonyesha ubora wa maji". Jibu hilo limemgharimu nyota nzima. Yeyote anayepokea mfuko kama huu asimwage maji yake tangini. Chuja kwa wavu laini, suuza, hamisha dafnia peke yao.

Tuje kwenye karatasi ya maelekezo, sehemu mbovu kuliko zote. Inasema: weka kijiko cha hamira kila siku. Haiulizi chombo ni cha ukubwa gani, wamo wangapi, wala kama cha jana kimekwisha. Dafnia hali kwa kuuma. Ndani ya gamba ana jozi tano za miguu midogo inayopiga bila kukoma na kuvuta mkondo wa maji, na vinyweleo vya miguu hiyo huchuja kila chembe ndogo inayoelea: mwani wa seli moja, bakteria, hamira. Hana nafasi ya kuchagua sana. Kinachozidi kinazama, kinaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Hamira wanaila, sikatai, lakini ni lishe hafifu ikilinganishwa na mwani, na kijiko kizima kwenye ndoo ni hukumu ya kifo: asubuhi maji yananuka na wote wamelala chini.

Kipakiti cha unga wa kijani, ambacho ni spirulina (aina ya mwani uliokaushwa), kilichokuja pamoja na mfuko ni kizuri kuliko ushauri ulioandikwa juu yake. Korogea ncha ya kijiko kwenye kikombe cha maji mpaka pasibaki donge, mimina kidogo kidogo hadi maji ya ndoo yapate ukungu mwepesi wa kijani, huku sakafu bado unaiona. Halafu subiri. Ukungu ukisafishika ndani ya siku moja, walishe tena. Ukisafishika kwa saa chache, wameshakuwa wengi, anza kuvuna. Usiposafishika kabisa, acha kulisha na utafute kinachowasumbua. Hicho ndicho kipimo pekee ninachokiamini, na kingeweza kuandikwa kwenye karatasi ile kwa mistari mitatu. Mwenye maji ya kijani halisi, yale yaliyokaa juani mpaka mwani ukashamiri, hahitaji hata unga; mwani hai unalisha na pia unatoa oksijeni wakati wa mwanga.

Kifurushi kikubwa cha muuzaji huyu huja na jiwe la hewa. Litumie kwenye tangi la samaki, si hapa. Jiwe hilo linatoa viputo vidogo sana, na viputo vidogo huingia chini ya gamba la dafnia na kumwinua hadi juu ya maji. Akishafika pale hawezi kuzama tena. Anabaki ameelea ubavu mpaka afe. Ukitaka hewa, tumia mrija mtupu usio na jiwe, utoe viputo vikubwa vya polepole. Ndoo pana isiyojazwa sana inaweza kwenda hata bila pampu. Kuliweka jiwe hilo ndani ya kifurushi cha dafnia kunaonyesha aliyepanga kifurushi hajawahi kufuga dafnia.

Kuhusu maji, lebo inasema "maji safi". Maji ya bomba ni safi kwako, kwa dafnia yanaweza kuwa sumu. Klorini ya kawaida hutoka ukiyaacha wazi kwa siku moja na zaidi, au ukitumia dawa ya kuondoa klorini. Kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, haitoki kwa kukaa tu. Hiyo lazima dawa. Adui mkubwa zaidi ni shaba. Dawa nyingi za kuua konokono na vimelea tangini zina shaba, na kiasi ambacho samaki hata hawakisikii kinaweza kumaliza dafnia wote. Ndoo iliyowahi kubeba dawa ya wadudu usiiguse kabisa. Sipigi chuku: maabara hutumia viumbe hawa hawa kupima sumu za majini. Katika jaribio nambari 202 la OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, vichanga wasiozidi saa 24 tangu kuzaliwa huwekwa kwenye maji yenye kemikali inayopimwa kwa saa 48, kisha wanahesabiwa walioshindwa kuogelea. Unachokileta nyumbani ni kipimo cha sumu chenye miguu.

Upande wa joto, magna anapendelea nyuzi 18 hadi 22. Maji yakipanda sana anadhoofika, uzazi unashuka, na chombo kinaweza kuanguka ghafla. Anayeishi kwenye joto la kudumu atafute Moina, ambaye anastahimili joto na upungufu wa oksijeni vizuri zaidi. Muuzaji anajua hili, maana Moina nao anawauza, lakini ukurasa wa bidhaa haumwambii mnunuzi achague kwa kuzingatia joto la mahali pake.

Baada ya yote hayo, samaki walisemaje? Hapa sina malalamiko. Dafnia huogelea kwa vipapasi vyake viwili vikubwa: anapiga mara moja, anaruka juu, anashuka taratibu, anapiga tena. Mwendo huo unawatia samaki wazimu. Beta wangu, ambaye chakula cha punje anakitazama mara mbili kabla hajakigusa, alimfuata dafnia mmoja nyuma ya jani, akajikunja, akamvuta kwa funda moja la maji, na kabla hajameza alishamkazia macho mwingine. Tetra ambao kwa kawaida hujibana kona walitoka kundi zima. Na tofauti na punje, asiyeliwa haozi. Anaendelea kuogelea mpaka zamu yake ifike, alimradi uzime kichujio kwa muda, la sivyo kichujio kitashiba kuliko samaki. Hayo ni kwa maji yasiyo na chumvi. Kwenye tangi la bahari hufa upesi, na hapo wataoza kama chakula kingine chochote.

Lebo inadai ni "lishe kamili". Sikubali. Zaidi ya asilimia 90 ya dafnia hai ni maji. Kilichobaki kina protini nyingi, karibu nusu ya uzito mkavu, lakini samaki anayekula hicho tu siku zote atapungukiwa. Ninawapa dafnia kama sehemu ya mzunguko, siku nyingine punje, siku nyingine kitu kingine. Faida yake nyingine ni kwamba gamba lina kitini, kitu kigumu kisichomeng'enywa kirahisi, na hilo husaidia samaki aliyefunga choo, hasa beta aliyelishwa punje kupita kiasi. Uvimbe wa tumbo una sababu nyingi, hata hivyo, na dafnia hatibu maambukizi. Kingine ambacho wengi hawakijui: dafnia hubeba kile alichokula. Mwenye utumbo wa kijani anampelekea samaki mwani ndani ya mfuko wa protini. Mwenye utumbo mtupu anapeleka gamba na maji. Walishe vizuri saa chache kabla ya kuvuna.

Kwa vifaranga waliozaliwa jana, magna hafai. Hata kichanga chake kinakaribia milimita moja, na midomo mingi midogo haikiwezi. Wafugaji wa vifaranga waende kwa Moina, ambaye vichanga wake hawafiki nusu milimita. Vifaranga wa gapi, ambao huzaliwa wakubwa kidogo, hummudu kichanga cha magna mapema. Nachuja kwa nyavu mbili, wakubwa wanabaki kwenye wavu wa juu, wadogo wanapita.

Kuvuna kwenyewe ni rahisi: zima hewa, weka taa upande mmoja, wanakusanyika. Chukua robo, sizidishi. Wala usihurumie ukaacha kuvuna kabisa, maana chombo kisichovunwa kinasongamana, matandiko meusi yanaanza, na unarudi kule kule kwenye pipa la muuzaji. Mimi naweka ndoo mbili, kila moja na wavu wake. Moja ikianguka, nyingine inaijaza.

Wa kugandishwa niseme kwa ufupi. Wanafaa, nami huwa nao akiba. Mche mzuri wa barafu yao ukiyeyuka unaacha dafnia wazima, wenye jicho linaloonekana. Mche mbaya unaacha uji wa kahawia na maji yenye rangi, ishara kwamba uliwahi kuyeyuka ukagandishwa tena. Yeyusha kwenye kikombe, chuja, mwaga yale maji, lisha hapo hapo, kwa sababu virutubisho huanza kuvuja mara tu wanapoingia majini. Nyota tatu na nusu.

Wa kukausha: nyota mbili. Wanaelea, samaki wa katikati na wa chini hawawafikii, na kilichomo koponi ni magamba zaidi kuliko nyama. Tetra wangu waliwatema. Gapi walikula, lakini gapi hula chochote.

Wa hai nawapa nyota nne kwa mbegu na mbili kwa huduma. Ningeongeza moja bila kusita kama muuzaji angeacha kusukuma hamira, angetoa lile jiwe la hewa, na angepiga muhuri wa tarehe ya kufungwa kwenye mfuko. Kwa sasa hakuna tarehe popote, na dafnia waliofungwa jana na waliofungwa wiki iliyopita wanauzwa kwenye rafu moja.